Bateri Mbili

Kadutu, Bukavu
Jumapili, tarehe 6 Januari 2002

Mpendwa mudogo wangu Aganze,

Jumanne tarehe 13 Februari mwaka jana, saa tatu ya asubuhi, kule Luvungi, tulimpoteza Luc na tukapoteza ngoma. Naanza na hilo kwa sababu barua yako nayo imeanza nalo. Sasa naweza kukusalimia. Afya iko namna gani huko Kigoma? Malaria imekuacha? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Nimepungua kilo saba, lakini mashine yangu ya kushona bado inanitii.

Unauliza kama orchestre, bendi yetu, iko bado. Iko nusu. Tulikuwa watano, tumebaki watatu: mimi na gitaa niliyokimbia nayo mgongoni, Nathalie na sauti yake, na Jean-Baptiste anayepiga valizi, sanduku la nguo, kwa vijiko viwili. Tunafanya repetisyo ya nyimbo zetu katika salon, sebuleni kwa Maman Apolline, mama ya Luc. Ametupatia mwenyewe, kila Jumapili baada ya misa, kwa muda wa saa mbili. Yeye anakaa mlangoni akichambua maharagwe, na haondoki mpaka wimbo wa mwisho.

Bukavu haitujui. Zamani watu walitoka Kamanyola kwa miguu mpaka Luvungi kusikiliza rock yetu. Hapa jirani, Papa Télesphore, alikuja kuuliza nani anaumwa tumbo humu ndani. Nathalie akamwambia anayeumwa ni yule anayetegesha sikio ukutani. Tulicheka kidogo. Lakini muzee yule ana haki: rock bila ngoma ni kama mutu anayegombana peke yake.

Sasa mambo yako. Umeandika kwamba nilimtuma Luc akafe kwa ajili ya ngoma. Nimeisoma sentensi hiyo mara nne.

Kumbuka vizuri. Risasi zilipoanza tulikuwa tumeshafika barabarani, mita mia mbili toka nyumba. Nilikuambia: “Aganze, rudi, chukua bateri.” Mbele ya Mungu, nilitaka bateri ya gari, ile ya kuwashia ampli ya gitaa, iliyokuwa nyuma ya mlango. Kwetu ngoma, kwa Kifaransa chetu, ni bateri, na ya gari ni bateri, na miaka sita hatukuzichanganya hata siku moja, maana mutu alikuwa anaonyesha kwa kidole. Siku ile mikono yangu ilikuwa imejaa.

Fanya hesabu na wewe. Bateri ya gari ni kilo kumi na tano, mutu moja, dakika tano kwenda na kurudi. Ngoma ni vipande vitano, zinataka watu wawili. Ndiyo maana Luc alikufuata.

Kosa langu nalijua. Nilikurudisha wewe, mtoto wa mama yangu mdogo, kwenye risasi kwa sababu ya chuma na asidi. Hilo nitalibeba hata kama hakuna aliyenishtaki. Lakini la Luc, sijui ni la nani.

Papa Adalbert, mfanyabiashara anayekuletea barua hii, anasema uliokoa kipande kimoja, ile ngoma ndogo, na siku ya Noeli uliipigia kwaya ya kambi ya wakimbizi. Ngoma sikuionea wivu. Kilichoniuma ni kwamba mikono yako bado inajua, na sisi huku tunapiga valizi.

Matanga ya Luc tutayaondoa Jumamosi tarehe 9 Februari, kwa kuwa tarehe 13 inaangukia Jumatano ya Majivu. Maman Apolline anataka tupige wimbo alioutunga mwanawe. Juma lililopita aliweka maharagwe chini, akaniuliza: “Séraphine, mutoto yangu alirudilia nini mu ile nyumba?” Nilimwambia nitamjibu siku ya matanga. Akaokota maharagwe yake.

Tonton Bisimwa wa Idjwi anakusalimia, na kitoto Bintu, ambaye sasa ameota meno mawili. Nathalie anasema ule vizuri. Mungu akufunike huko ugenini, na mikono yako aitunze.

Barua inakula siku kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi. Nakuachia tano za kufikiri. Tarehe 2 Februari jibu liwe mkononi mwangu, mstari mmoja, bila maelezo: niliposema bateri, ulisikia ngoma, ama ulinisikia vizuri ukachagua ngoma?

Yaya wako, dada yako mkubwa anayekupenda hata leo,
Séraphine