Risasi Mgongoni mwa Mpiga Ngoma

Alhamisi, 12 Juni

Nimefika salama, Mungu asifiwe. Mkuu wa bendi ya jeshi kanipa ruhusa hadi Jumatatu alfajiri. Mchana wake kuna gwaride, na bila ngoma kubwa wenzangu hutembea kama kuku waliofunguliwa asubuhi.

Shughuli yangu ni moja tu: fundi cherehani. Mjane, mcha Mungu, ana kicheko cha kujizuia. Marehemu mumewe alikuwa askari, akapelekwa vitani, hakurudi hai. Kwenye simu aliniuliza mara moja tu: na wewe wanakupeleka huko? Nikamwambia nitakueleza ana kwa ana. Ngoma haielezeki kwenye simu — utachekwa! Mjomba wake amekubali twende Jumapili. Kaka ndiye atakayenisemea, maana anayeposa hasemi, husemewa.

Nalala sebuleni kwa kaka. Kochi fupi. Mgongo unauma — ule mkanda wa ngoma utanimaliza.

Ijumaa, 13 Juni

Kaka ni kinyozi, na ulimi wake una makali kuliko wembe wake. Asubuhi akasema, vaa sare mdogo wangu, uje ukae pale kibandani kidogo. Kidogo! Nimekaa hadi mchana kama picha ya tangazo. Kila mteja alitoka na kipara na hadithi. Mara nasikia nimepigana mpakani. Mara nimebeba majeruhi wawili begani. (Begani nimebeba ngoma tu.)

Nikamvuta pembeni. Kaka, mbona hivyo? Akaniona mjinga kabisa. "Nimeshawaambia watu tangu ulipoandikishwa. Leo niseme unapiga ngoma? Ngoma hata watoto wa jirani wanapiga!"

Kilemba cha ukoka hicho. Lakini mzee mzima aliponiita afande, nilinogewa. Nisamehe, Mola wangu.

Jioni kwa shangazi. Shikamoo shangazi. "Marahaba, simama hapo uani." Sijapewa hata kiti! Ana ugomvi na jirani juu ya maji machafu. Kazi yangu: nisimame na sare nimtishe, nisiseme, nikohoe tu. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu. Jirani akatoka, akanitazama, akarudi ndani — akaniletea dawa ya kifua. Mungu ambariki! Shangazi alinuna hadi naondoka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepiga pasi sare. Nimesali. Nimemwomba kaka: kesho sema kweli tupu. Mwanamke yule hataki mtu wa vita, mimi si mtu wa vita, mambo yamekwisha! Kaka akaapa. Shemeji, mkewe, akacheka jikoni mpaka mwiko ukamponyoka. Sikukipenda kile kicheko.

Jumapili, 15 Juni

Naandika nimeketi ngazini, nje ya nyumba ya mjomba wa fundi.

Tulipokewa vizuri. Chai, viti vimefutwa. Fundi alikaa karibu na mlango, gauni la bluu, mshono wake mwenyewe bila shaka. Kaka akaanza kwa adabu: afya, dini, ajira ya serikali. Nikashukuru kimoyomoyo. Mjomba akauliza, na huko jeshini hasa anafanya nini?

Nikainama kuchukua kikombe, mgongo ukanichoma, nikaguna. Basi! Kaka akaona mlango wazi, akaingia na viatu. "Mmesikia? Risasi hiyo! Imo mgongoni mpaka leo. Wakiitoa anapooza."

Fundi akaweka sahani chini. Taratibu.

Nikavunja adabu, nikajisemea. Jamani, risasi hakuna, ni mkanda wa ngoma. Mimi ni mpiga ngoma wa bendi. Sijawahi kumpiga mtu, napiga ngozi tu! Mjomba akamgeukia kaka. Na kaka, bila haya: "Si mnaona? Wale wa kweli hawasemi. Wanafundishwa kukana." Mjomba — mtu mzima, miwani puani! — akasimama akanipa mkono. "Afande, siri yako imefika kwa watu wa kuitunza."

Nikawapigia mwendo wa gwaride mezani kwa viganja. Vikombe vikaruka. Kaka akanong'ona, na ngoma wanafundishwa, ili adui asiwatambue.

Nikatoka. Fundi akanifuata. Nikamwapia kwa Mungu ninayemwabudu: ni ngoma. Hakucheka. Akanikagua kama nguo iliyoachia mshono.

"Marehemu naye aliniambia ni fundi wa redio tu. Kwa uso huohuo."

Nikasema, kesho njoo kwenye gwaride, utaniona kwa macho yako. Akasema gwaride alishaliona moja, la kumzika mumewe. "Ngoma nilizisikia vizuri."

Ngoma za mazishi nazo ni kazi yetu. Hilo sikulisema.

Akaniambia ningoje hapa, akaingia ndani. Kofia yangu imebaki kwenye kiti. Kaka namsikia hadi hapa, amefika kwenye risasi ya pili. Ee Mungu, niwekee subira nisije nikamnyoa mimi.

Viatu vya kike vinakuja. Akiwa na kofia yangu mkononi, naambiwa niende zangu. Akija mikono mitupu, naitwa ndani nirudi kwenye kiti changu —