Kitenzi Kimoja Dirisha la Pili

Mpendwa mshauri Bi Kidawa,

Naomba msaada, na kabla hujaendelea nakusihi kila neno hapa libaki siri, hata mumeo asilijue, maana Houston ni kubwa kwa barabara tu, kwa maneno ni kijiji.

Mimi ni karani wa mapokezi kwenye zahanati moja mtaa wa Sharpstown, na fomu ya kazi iliponiuliza kama najua Kihispania nikajibu ndiyo, kumbe nilijua kitenzi kimoja, doler, yaani kuuma, nilichokipenda kwa kuwa wanakisema kama sisi: me duele la cabeza, kichwa kinaniuma. Nikakifanya ndiyo pole yangu. Mama akikohoa, ¿le duele?, yaani inakuuma?, mzee akiangusha miwani, ¿le duele?, aliyechoka kusubiri, ¿le duele?, nao hucheka, hunishika mkono, hunisimulia dakika kumi nisizozielewa huku naitikia kwa kichwa, na sasa foleni yangu inazidi zote. Msimamizi wangu, nimwite Jepchirchir, akaona. Akasema, "Kumbe wewe ni mnoma wa Kihispania na umenyamaza tu. Alhamisi utamtafsiria daktari, kuna mama anaenda operesheni." Nikajibu sawa. Nikikiri nitafukuzwa, na nisipokiri, mama ataulizwa dawa zinazomdhuru, nami nitamuuliza kama inauma.

Usinipigie kazini. Nitumie ujumbe baada ya saa kumi na moja, uanze na "Shangazi anakusalimu", maana simu yangu hukaa mezani.

Karani wa Dirisha la Pili

Karani,

Umetaka siri, ukaandikia gazeti. Haya, jina lako nimelificha.

Pole, na hiyo ni ya kweli. Kumpa pole aliyeangusha miwani ni malezi mema, hapo mama yako alifanya kazi yake. Ila kuitikia usichokielewa ni uongo wenye tabasamu. Nimekuwa muuguzi miaka kumi na tisa: yule mama akitaja dawa inayomdhuru nawe ukaitikia kwa kichwa, kufukuzwa ndilo litakuwa jambo dogo siku hiyo.

Kesho, kabla milango haijafunguliwa, mwambie Jepchirchir: "Kihispania changu ni cha kusalimia. Mtafutieni mama mkalimani." Usianze na historia ya maisha yako. Akifoka, nyamaza. Akikubakiza, jiandikishe darasa la jioni ukajifunze kitenzi cha pili, na nakushauri kiwe "sielewi".

Na huyo Shangazi wako mwache apumzike. Ukishasema, nipigie wewe, namba iko juu ya ukurasa huu, saa yoyote, na ujitaje kwa jina lako.