Chuo cha Tisa

Anneth, kikao cha ukoo kimeisha sasa hivi. Siamini. Nimejificha jikoni.

Unajua Princess anataka kusomea misitu kama marehemu kaka, baba yake, na maombi yanafungwa leo. Binamu yetu Sylvanus akasimama na simu, akatusomea vyuo vyote kwa namba za ubora. "Anachotaka yeye ni cha tisa. Mtoto wa ukoo huu hasomi cha tisa."

Princess akasema, "Samahani, Baba Mkubwa, hicho cha kwanza hakifundishi misitu."

"Basi utasoma wanachofundisha."

Na wazee wakaitikia kwa vichwa! Mtoto akaanza kulia.

Ndipo wifi, mama yake Princess, ambaye alikuwa hajasema neno tangu tumzike kaka, akauliza, "Shemeji, darasani kwetu nani alikuwa wa kwanza?"

"Mimi," akajibu, akitabasamu.

"Na marehemu?"

"Wa thelathini na nane. Kati ya arobaini."

"Na mlikuja kuniposa wote wawili."

Anneth. WOTE WAWILI. Na mke wa Sylvanus amekaa pale pale.

Mke wake akamwambia, "Kaa chini, baba."

Akakaa. Princess akatuma maombi ya misitu, kikao kikafungwa kwa sala.