Upepo Mpole wa Kwenye Kompyuta

4 Novemba

Mdogo wangu mpendwa,

Naamini umeamka salama na kile kikohozi kimekuachia usingizi. Mimi mzima, ila magoti. Kufua mashuka ya hospitali nzima si mchezo. Namshukuru Mungu bado nasimama.

Mwanangu amefika barafuni, huko ncha ya kusini. Amenipigia akicheka, "Mama, huku jua halizami, nisali saa ngapi?" Nikamwambia sali tu, Mungu hana zamu. Tangu utotoni tunamwita Mbayuwayu kwa kupenda kupanda juu, na sasa wewe mjomba wake umemtafutia kazi ya kupanda mnara mwisho wa dunia! Nakushukuru na nakulaumu, chagua mwenyewe.

Alisema hesabu za ofisi yenu ndizo zilizochagua nyaya za kuushikilia huo mnara. Basi nimetulia. Ila niambie, upepo wa huko ukoje?

Dada yako

19 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha. Pole na magoti, na usiinue yale makapu peke yako.

Umeniuliza upepo, nami sitakuficha. Kazi yetu ni kutengeneza dunia ya hesabu ndani ya kompyuta, tunaiita modeli, halafu tunatazama hewa yake inavyokwenda. Karibu na ncha za dunia, ukichukua wastani, upepo wa modeli yetu ni sahihi kabisa. Lakini wiki hii nimeulinganisha na vipimo vya vituo vya hali ya hewa vya kule. Upepo wa kweli hautabiriki: leo umelala, kesho unang'oa mapaa. Wa kwetu unapanda kidogo, unashuka kidogo, kama mtoto aliyelelewa kwa adabu. Na nyaya za mnara zilichaguliwa kwa huo wa kwetu.

Nimemwomba mkuu wangu asimamishe upandaji wa mnara. Akasema, "Andika, wenzako wakague, tutazungumza mwakani." Nikamwambia watu wako juu sasa hivi. Akanitazama, akasema taratibu, "Wewe una mpwa kule. Huwezi kulipima jambo hili kwa haki."

Nimerudi mezani kwangu, dada. Huenda ni kweli.

Mdogo wako

20 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu nyingine utanisamehe, nimeisoma barua yako kwenye simu nimesimama kati ya mashine.

Nimekuelewa. Ni kama mgonjwa anayetetemeka asubuhi na kuungua jioni. Ukichanganya ukagawanya, utasema hana homa.

Mkuu wako anasema una mpwa kule. Sawa. Na yule fundi anayepanda naye, mwenye watoto mapacha, yeye ni mpwa wa nani? Ukizibwa mdomo kwa ajili ya mwanangu, nani atamsemea yule?

Nimepiga simu kwa Mbayuwayu, haishiki. Wewe una njia ya kuwafikia. Sikuamrishi, umeshaota mvi. Nakuomba. Leo nimefunga, na nitaendelea kufunga, Mungu aushike huo upepo.

Dada yako

22 Novemba

Dada,

Shikamoo. Sina la kukuuliza, natumaini mko salama.

Nimetuma ujumbe kituoni kwao bila ruhusa, kwa jina langu: washuke, wasipande tena mpaka nyaya zibadilishwe. Mkuu wa kituo amewashusha wote. Mkuu wangu amejua asubuhi hii, nami nimerudisha kadi ya mlango. Kazi sina.

Mpwa wangu ameniandikia mstari mmoja: "Mjomba, umenishusha kama mtoto mbele ya wanaume wenzangu."

Mdogo wako

14 Januari

Mdogo wangu,

Barua zangu mbili hujazijibu. Sijui kama unakula, sijui kama unalala. Nakusalimu hivyo hivyo.

Mwanangu amerudi, mzima, amenenepa, amenuna. Anasema tangu washuke upepo haukuja. Siku zote shwari, mnara umesimama unawatazama tu. Wenzake wanakuita Mjomba Tufani. Nilicheka, Mungu anisamehe, halafu nikaenda jikoni nikalia.

Kuna jambo nataka kukiri kwako. Niliendelea kufunga hata baada ya wao kushuka, kwa woga tu. Kila siku tulivu niliyoishukuru, wewe ulizidi kuonekana mzushi. Juzi nikajaribu kuomba tufani ije, mnara ukiwa hauna mtu, wakuamini. Nilipiga magoti, nikainuka kabla sijaomba. Hilo siliwezi, hata kwa ajili yako.

Lakini nisikilize. Wewe ulisema upepo wa kule leo unalala, kesho unang'oa. Basi umelala. Kulala kwake hakujakukanusha.

Nimemwambia mwanangu hivyo hivyo. Akanijibu, "Mama, wewe na mjomba mnauogopa upepo ambao haupo." Ofisi yenu inarudisha mafundi kabla msimu wa kazi huko haujafungwa, nyaya zile zile, na yeye ameomba arudi. Wamemkubali. Nimemsihi, nimemnunia, nimemfichia viatu. Amenunua vingine.

Wewe umeviona vipimo kwa macho yako. Mimi akiniuliza tufani iko wapi, sina la kumwonyesha. Atakufokea, atakuita hilo jina mbele yangu. Njoo hivyo hivyo.

Anaondoka Jumamosi asubuhi. Nimeshamwambia mjomba wake atafika Ijumaa. Usinifanye mwongo.

Dada yako