Ottilia, Mtoto Nitambeba Mimi

Tingi,
Wilaya ya Nyasa,
Ruvuma.
8 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Ottilia,

Pokea salamu zangu na za mume wetu Valeriani, babu yako, ambaye mpaka leo anasema Dastan alimpora mke. Hujambo? Somo wangu Bonifasia mdogo hajambo? Ananyonya vizuri? Mama mkwe wako na Dastan ni wazima? Shikamoo yako nimeshaiitikia, maana najua utaisema ukifungua barua. Sisi huku tu wazima. Baridi imeingia, kahawa imeanza kuiva, na babu yako anakohoa kwa ajili ya tumbaku yake, si kwa ugonjwa.

Mkono unaoandika ni wa shangazi yako Restituta. Maneno ni yangu. Nimemwambia asiyapambe, na kila akifika mbali kidogo ananisomea.

Simu yako ya juzi haikunikaa vizuri. Mtandao wa huku mlimani unakuja na kuondoka, nilisikia nusu, lakini hiyo nusu ilinitosha. Ulisema mkono wa kulia unauma kuanzia dole gumba mpaka kwenye kifundo, huwezi kumwinua mtoto, akilia lazima mtu mwingine amtoe kitandani akuwekee kifuani. Halafu ukasema, "Bibi, mtoto wangu atanijua kwa maziwa tu, kama ng'ombe." Hapo mtandao ukakatika. Ugali wa jioni ile ulinishinda.

Baadaye Dastan alimweleza Restituta mengine. Kwamba daktari alikufunga kidole kwa kifaa kigumu, akakupa vidonge, havikusaidia, na sasa anataka kukuchoma sindano ya kutuliza uvimbe hapo hapo penye maumivu. Wewe umekataa. Mama mkwe wako anasema sindano hiyo inaharibu mifupa na kukausha maziwa. Na jirani yenu mwenye duka la dawa anasema atakuchoma yeye, haraka, bila maswali.

Huyo wa bila maswali mkimbie. Hata hujui anachokuchoma ni nini.

Mimi goti langu lilichomwa sindano ya namna hiyo mwezi wa pili, hospitalini kule ziwani. Daktari ni kijana, anaitwa Stephano. Aliniuliza maswali kuliko padre siku ya ndoa. Una sukari? Una presha? Kuna dawa unameza? Una homa, au kidonda mahali? Nikamuuliza, mwanangu, unanitibu au unanioa? Alicheka, lakini hakugusa sindano mpaka nilipojibu yote.

Kama inauma? Inauma, sikudanganyi. Kesho yake goti liliuma kuliko mwanzo, nikamsema vibaya yule kijana wa watu, kumbe alikuwa amenionya kwamba litauma hivyo kwanza. Halafu likatulia. Ottilia, nilisimama kanisani Misa nzima bila kushika benchi.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilikuwa nimeambiwa nilipumzishe goti siku kadhaa, nisibebe mzigo, nisichuchumae. Lakini wanawake walikuwa wanachimba ngoro za kupandia kwenye mteremko wa jirani yetu Kunigunda, na wewe umekulia kwenye mashimo yale, unajua mwanamke wa huku akisikia majembe yanalia hakai ndani. Nikachukua langu. Niliwapita wote, nikawacheka wake za vijana kwamba wanachimba kama wanaokoroga uji wa mgonjwa. Asubuhi goti likaamka kama boga. Babu yako akanitazama, akasema, "Ulichomwa sindano ya goti, hukuchomwa ya akili." Alinirudisha hospitali kwa bodaboda, na njia nzima hakuacha kunicheka.

Daktari yeye hakucheka. Aliniambia, "Bibi, dawa imenyamazisha maumivu. Haijakupa goti jipya." Akanionyesha mazoezi, akasema pia nisije kumwomba nyingine kila linaponiuma, maana zikichomwa nyingi mahali pamoja zinadhoofisha ile mishipa migumu inayoshika mfupa, na goti lenyewe linazidi kulika. Kwa hiyo mama mkwe wako hajatunga uongo. Huenda alimwona mtu aliyechomwa hovyo. Usigombane naye. Mchukue mwende wote kwa daktari, akaulize kwa mdomo wake.

Habari ya maziwa siijui, na sitajifanya naijua. Mwambie daktari unanyonyesha, umuulize mpaka uelewe.

Na lingine usilifiche. Ulipokuwa na mimba sukari yako ilipanda. Najua unaona haya kulisema mbele ya watu, lakini dawa hii inaweza kuipandisha sukari kwa siku kadhaa. Mzee Ildefonsi wa hapa ana sukari, na alichomwa bega. Kwa kuwa alisema mapema, walimwambia awe anapima. Ilipanda, ikashuka, sasa yuko kwenye kahawa yake anatukana nyani. Haya ukamwonee mkwe, daktari usimwonee.

Ukishachomwa, ukiona pamevimba zaidi, pana moto, maumivu yanazidi kila siku au umeshikwa na homa, usisubiri wala usiweke majani. Rudi hospitali siku hiyo hiyo. Ngozi ya hapo inaweza kupauka kidogo. Dastan hatakuacha kwa hilo, na akikuacha nitamfuata.

Inawezekana pia isikusaidie, au ikusaidie miezi michache tu. Wapo ambao haikuwafaa. Ikiwa hivyo mtarudi mtafute njia nyingine. Sikutumi kwenye muujiza, nakutuma kwa daktari.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Nimekulea, nakujua. Kinachokutisha si sindano. Ni zile siku za kupumzisha mkono, kukaa na kumtazama mtoto wako akibebwa na wengine.

Mama yako alipokuzaa aliugua sana, hakuweza hata kukaa. Nilikubeba mimi. Nilikuogesha mimi, nilikulaza mimi, nikakupeleka kwake kunyonya tu. Na kila alipoongea, hata kwa kile kisauti cha ugonjwa, ulikuwa unageuza shingo mikononi mwangu kumtafuta. Nilikuwa nimekushika mimi, wewe unamtafuta yeye. Hakuna ng'ombe hapo, Ottilia.

Kwa hiyo nakuja. Tangu nilipotoka Liuli nikaolewa huku mlimani sijawahi kukosa kuvuna kahawa. Mwaka huu watavuna babu yako na Restituta. Nilipomwambia babu yako alinuna. Jioni nikamkuta anashona mkanda wa mfuko wangu wa safari.

Safari ya basi kutoka hapa mpaka huko kwenu Singida ni ndefu, lakini goti nimelitunza. Kila basi likisimama nitashuka nilinyooshe goti, dereva akinuna anune. Panga siku na daktari, umpigie Restituta. Usisubiri nikifika ndipo uanze kuogopa upya.

Mtoto nitambeba mimi. Akilia nitamwinua, nitakuwekea kifuani. Kazi yako ni kumsemesha. Halafu utaona shingo yake inakogeukia.

Nitakuja na usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, kutoka kwa wajomba zako Liuli, na unga wa mahindi yetu. Huo mnaokula huko sina imani nao.

Msalimie sana Dastan, na mama mkwe wako mwambie namheshimu na nakuja kumpumzisha na yeye. Huku wanakusalimu babu yako, shangazi yako Restituta, Kunigunda, na mzee Ildefonsi na nyani wake. Mungu akulinde wewe na hicho kitoto, aushike mkono wako mpaka utakapoweza kushika mwenyewe.

Jina langu ameliandika Restituta. Mimi nimechovya dole gumba kwenye wino, nikaligandamiza hapa chini. Lako likipona, nikiwa bado huko, utamwinua Bonifasia kutoka mikononi mwangu mimi mwenyewe nikiona. Hapo ndipo nitarudi nyumbani.

Bibi yako akupendaye kuliko kahawa,

Bonifasia
(dole gumba)