Uongo Tuliotunga na Jabiri

Mwalimu Leodegar, weka chaki chini usome hiki kikaratasi. Jabiri amevunja posa. Jabiri yuleyule niliyebeba naye magunia bandarini mpaka tukastaafu.

Unaijua foleni ya bomba jipya hapa Keko. Juzi mie na yeye tulikaa kibarazani kwangu tukatunga kwamba Mwingereza ametia dawa ya utasa kwenye maji yale. Tulitaka watu wapungue tu, tuchote kwa raha. Yeye ndiye aliyeongeza kwamba hata kuku wake wameacha kutaga. Binti yangu Tabu alikuwa anatumiminia kahawa, akacheka nasi.

Jana bomba zima lilikuwa letu.

Leo Jabiri kaja, hataki hata kuketi. "Mwanangu hamuoi tena Tabu. Kayanywa yale maji."

"Jabiri, si tulitunga mie na wewe?"

"Tulitunga, ndiyo. Lakini sasa Keko nzima inasema. Watu wote hawa wakosee?"

Tulitunga, ndiyo. Kasema kwa mdomo wake, Leodegar, halafu kaondoka.

Nikaenda kwa muuza kahawa, nikaapa mbele ya wote kwamba ule ulikuwa uongo wangu. Wakacheka. "Mzee Mwinshehe, ulituambia umepanda papa kutoka Mafia, tukanyamaza. Umesema kweli mara moja tu, nayo unataka kuifuta?"

Nimerudi nyumbani sasa hivi. Tabu yuko uani, anamwaga mtungi tulioujaza jana bombani.