Miwani ya Mama Haiingizi Maji

Dukani, nyuma ya kaunta,
Jumanne, 12 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi naye hajambo? Na mapacha, yale mafua yamekwisha? Sisi huku tu wazima, ila magoti ya Mama bado yanamsumbua. Daktari kamwambia aogelee, na sasa hakosi bwawani.

Dukani watu wanaingia, tena wengi. Wanajaribu suti za kuzamia mpaka zipu zinalalamika, wananiuliza mapezi yapi hayachubui kisigino, nami naeleza hadi koo linanikauka. Kisha wanapiga picha lebo, wanaaga. Baada ya siku chache nawaona na mzigo wenye nembo yako. Kwangu wanarudi kujaza hewa tu, maana mtungi bado haujajua kujazwa kwa simu.

Nisikufiche, nakuonea wivu. Wewe unauza mtandaoni ukiwa na kandambili sebuleni. Mimi mwenye nyumba kashanipa notisi, anataka kuweka duka la simu. Jina la Baba bado liko mlangoni, lakini ndugu wakitaja mfanyabiashara wa familia, wanakutaja wewe. Inaniuma, tena sana.

Kilichonichoma zaidi ni Mama. Ana binti mwenye duka mtaa wa pili, lakini miwani ya kuzamia, ile inayofunika na pua, kaagiza kwako. Ilipofika akaja nayo kunionyesha.

“Mwanangu ananijua,” akasema.

Nilijifanya nafuta kioo cha kabati.

Unakumbuka Baba alivyotufundisha: bandika usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikishika ni yako. Basi, hiyo ya Mama ilianguka kwenye kaunta. Tukarudia, ikaanguka tena. Wewe ulichagua kwa kuukumbuka uso wake wa zamani. Mashavu yale hana tena. Mama akanyong'onyea, akanisihi nisikwambie, eti utajisikia vibaya.

Nikamwambia inataka kurekebishwa kidogo tu, afumbe macho. Nikashusha rafuni nyingine ya rangi ileile, saizi ndogo, nikambandika.

“Haya, vuta pumzi.”

Ikashika. Mama alicheka hadi ikamdondoka, nikaitia kwenye boksi lako, akaondoka nalo kwapani. Sasa bwawa zima linajua mwanawe kampatia miwani isiyoingiza hata tone.

Nisalimie wifi na mapacha, na yule rafiki yako Kibonge. Shangazi anawasalimu wote. Mungu awalinde, na riziki yenu isipungue, ingawa mwenzio natamani ipite na huku.

Mama anakushukuru mno. Akikupigia, pokea shukrani zake, wala usimsahihishe. Ila wewe ujue: uso wa mama yetu niliupima mimi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na wivu wangu wote.